Kioo Kilichoshukia Kemondo

Jiwe lilitupata tukiwa tumeshaipita Kagoma, Muleba ikiwa karibu. Lori la moramu lilikuwa limetutangulia bila turubai, na kila lilipopita kwenye tuta lilidondosha mawe barabarani. Nilikuwa nimejiweka mbali nalo, lakini Noah ya abiria iliyokuja upande wa pili ilikanyaga jiwe lililokwisha kuanguka, ikalirusha moja kwa moja kwetu. Ulisikika mlio mmoja mkavu. Nyota ndogo ikatokea upande wa abiria, mbele ya uso wa wifi yangu, na kabla hatujamaliza mteremko ufa ulikuwa umetambaa kutoka kwenye nyota hiyo hadi ukingoni.

"Umeumia, wifi?"

"Sijaumia. Nenda polepole, na wala usifunge breki ghafla."

Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa. Nilihamia Bukoba baada ya kuolewa, na siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda Muleba, kumwona mavyaa wangu nyumbani kwake. Mume wangu alikuwa Dar es Salaam kikazi, hivyo dada yake akapanda hadi Bukoba kunichukua. Alisema haipendezi mke wa kaka yake afike nyumbani peke yake, akiuliza njia.

Tulikuwa tumeondoka asubuhi, maji ya mvua ya usiku bado yakitiririka mitaroni. Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na Novemba haikuachi ukauka. Tulipanda Rwamishenye tukaliacha ziwa nyuma, kisha likajitokeza tena mkono wa kushoto tulipokaribia Kemondo. Mtu wa pwani macho yake hayaachi kutafuta upeo wa maji popote aendapo, nami nililitazama Ziwa Victoria kwa hamu, ingawa maji haya hayana chumvi, hayajai wala hayapwi. Baada ya Muhutwe nchi ilifunguka. Kulikuwa na rweya, zile nyika za nyasi zenye udongo mwembamba juu ya mawe, na katikati yake vijiji vya migomba, kila nyumba ndani ya kibanja chake: migomba juu, kahawa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa. Wifi alinionyesha njia ya kupanda Kamachumu na upande iliko hospitali ya Ndolage. Alikuwa katikati ya maelezo hayo jiwe lilipotukatiza.

Gari letu ni RAV4 ya zamani, lile umbo ambalo mafundi wa Tanzania huliita Kilitaimu, nalo lilikuwa na bima ndogo. Bima ndogo humfidia yule uliyemgonga. Kioo chako kikipasuka, unakinunua kwa pesa zako. Na kuendesha na ufa wa namna ile mbele ya macho ni kujitafutia faini ya trafiki, tena kila utakaposimamishwa. Wifi alilihesabu jambo hilo kabla hata hatujafika mjini. Akasema gari haliendi tena Bukoba mpaka kioo kibadilishwe, nami ningelala kwa mama yake mpaka hapo.

Mavyaa alitupokea uani. Nilipiga magoti kumsalimu kama nilivyofundishwa, naye akaniinua kwa mikono yote miwili kabla sijamaliza salamu. Zikaletwa kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani ya harufu kisha zikakaushwa, na ambazo kwa Wahaya mgeni hukaribishwa nazo kabla ya chakula chochote. Uchungu wake hubadilika mdomoni ukawa kitu cha kupendeza, na nilizipenda kuliko nilivyotarajia. Habari ya kioo ilimhuzunisha, lakini jambo la kwanza alilouliza ni kama vipande vilimwangukia binti yake machoni. Tukamwambia havikuanguka hata kimoja.

Kwa nini havikuanguka, nilielezwa alasiri hiyo chini ya mparachichi, nyuma ya stendi ya Muleba. Fundi wa hapo ni mzee aliyejifunzia kazi Kampala ujanani, katika soko la Kisekka ambako vipuri vya magari ya mtumba huuzwa, kisha akarudi kwao. Wifi alimwita Ta, heshima wanayopewa wazee wa kiume huku, nami nikamwita hivyo hivyo. Aliupitisha ukucha wake juu ya ufa kwa nje, ukakwama. Akaingia ndani ya gari akafanya vile vile, ukateleza. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, katikati yao pana utando wa plastiki laini. Kioo cha nje kilikuwa kimepasuka, cha ndani kizima, na utando umeshika kila kipande mahali pake. Vioo vya milangoni na cha nyuma ni vya aina nyingine: hivyo hupashwa moto mkali kisha vikapozwa ghafla, ili vikivunjika viwe punje punje.

Wazo la kioo cha kubandika utando lina zaidi ya karne. Mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara mwaka 1903, ikapasuka bila kusambaratika kwa sababu dawa iliyokuwa imekaukia ndani yake ilikuwa imeacha ngozi nyembamba. Mwaka 1909 alisajili hataza ya kioo chake cha usalama. Watu wa kwanza kukitumia kwa wingi walikuwa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwenye vinyago vya kujikinga na gesi. Magari yalifuata baadaye. Nilimtazama wifi yangu, macho yake mawili mazima, nikamshukuru yule Mfaransa kwa dhati.

"Ufa hauwezi kujazwa?" niliuliza. Mombasa nimeona mafundi wakijaza kijishimo cha jiwe kwa gundi ya maji, kikakaa miaka.

"Kijishimo, ndiyo, kama hakizidi sarafu na hakipo mbele ya dereva," Mzee alisema. "Ufa ukishafika ukingoni, mwanangu, hautibiki. Ukiujaza leo, kesho jua likichoma na mvua ikapiga, unaendelea na safari yake."

Hapo ndipo lilipoanza suala la bei, na hapo ndipo nilipoona mgeni anavyolipa zaidi kwa kukosa mtu tu. Nilikuwa nimeshapiga simu mwenyewe, kwa lafudhi yangu ya Mombasa, kwenye duka moja la vipuri la Bukoba. Nikatajiwa laki tano na nusu kwa kioo kipya kitakachoagizwa Dar es Salaam. Wifi akapiga pale pale. Alianza kwa kasinge waitu, akauliza nyumba na mvua, akataja ukoo, ndipo akafika kwenye kioo. Akatajiwa laki nne na nusu. Simlaumu mwenye duka kupita kiasi, maana bei ya kwanza mahali pengi ni ya kuanzia mazungumzo. Lakini mgeni asiyejua azungumzeje huilipa hiyo hiyo ya kwanza.

Mzee alituwekea njia tatu. Kipya kutoka Dar es Salaam, ambacho mara nyingi siku hizi kimetengenezwa China, na kampuni kama Fuyao ya Fujian hutoa vioo vizuri kabisa. Cha mtumba kutoka Kampala, kije na basi kupitia Mutukula. Au cha mtumba kutoka Mwanza, kije na meli. Ya Kampala hakuipenda, japo yeye mwenyewe alikulia huko kikazi. Kioo kikivuka mpaka lazima kilipiwe ushuru na kiwe na karatasi zake, na ukishajumlisha ushuru ule unafuu unaondoka. Wapo wanaovipitisha njia za panya. Alisema yeye hafungi kioo kisicho na risiti, akanyamaza.

Tulichagua Mwanza. Huko yapo maduka yanayonunua magari ya Kijapani yaliyokatwa vipande, na kioo huuzwa kikiwa kimetolewa kwenye gari la aina ile ile. Mzee hakuuliza gari ni la mwaka gani. Alifungua boneti akasoma kibao cha chesisi, ACA21, akasema hiyo tu ndiyo lugha wauzaji wanayoielewa. Wifi akapiga simu, bei ikateremka hadi laki moja na nusu pamoja na nauli ya meli. Nilikuwa tayari kutuma pesa. Mzee akasema bado.

Alitaka picha, na si picha ya kioo kilicholala sakafuni. Alitaka kisimamishwe kuelekea jua kipigwe picha katikati, kisha kingo zote nne moja moja, kisha kona yenye maandishi. Katikati alikuwa akitafuta mikwaruzo ya waipa, ile mistari ya nusu duara ambayo usiku taa za magari zikiipiga unaona kila kitu isipokuwa barabara. Kingoni alitafuta vitu viwili: kipande kilichobanduka, hata kidogo kama punje ya mchele, kwa sababu kioo kikibanwa mahali pake ufa huanzia hapo, na weupe, ambao ni dalili kwamba unyevu umeingia kati ya vioo viwili na utando umeanza kuachia. Kwenye kona alitaka kusoma neno Laminated. Picha za kwanza zilionyesha kioo kizuri chenye weupe kwenye kona ya chini. Akakikataa. Muuzaji alinung'unika kidogo, kisha akatuma picha za kingine, na hicho kilikuwa safi, na ukanda wa kijani juu kuzuia jua. Ndipo pesa zikatumwa kwa simu, na risiti ikaletwa kwa njia hiyo hiyo.

Siku za kungoja zilipita kwa wepesi kuliko nilivyodhani. Nilimenya ndizi na mavyaa, nikajifunza kwamba ndizi ya kupika na ndizi ya pombe si migomba ile ile, na jioni senene walipoanza kuruka watoto wa jirani waliwasha taa na kuegemeza mabati, wakajaza ndoo. Niliwala wa kukaanga kwa chumvi na vitunguu. Mavyaa alifurahi sana.

Meli hutoka Mwanza usiku, ikapita Kemondo alfajiri kabla ya kumalizia Bukoba. MV Victoria, ambayo sasa ina jina refu zaidi la New Victoria Hapa Kazi Tu, ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, na kwa wafanyabiashara wa Kagera kurudi kwake ni jambo kubwa: mzigo wa meli hautikiswi na matuta. Tulikwenda Kemondo na Mzee na kijana wake, katika pikapu iliyowekwa magodoro mawili. Gati lilikuwa na ukungu, mikungu ya ndizi imepangwa ikisubiri kupakiwa. Wifi alisimama kimya kwa muda. Hapa ndipo MV Bukoba ilipochukua abiria wake wa mwisho usiku ule, kabla ya kuzama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu. Familia yake ilipoteza mtu. Hakuongeza neno, nami sikumwuliza.

Kioo kilishuka kikiwa kimesimama ndani ya fremu ya mbao iliyoshindiliwa sponji. Mzee aliwapongeza waliokifunga. Kioo cha gari hubebwa kikiwa kimesimama kwa ukingo. Ukikilaza, uzito wake wenyewe hukikunja katikati kila gari linaporuka. Hata ndani ya pikapu alikisimamisha kati ya magodoro, kijana akakishika njia nzima hadi Muleba.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Ili kukitoa kioo cha zamani, fundi huchoma gundi kwa sindano ndefu, akapitisha waya mwembamba wa chuma, kisha watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, wanauvuta huku na huku wakiikata gundi kuzunguka kioo chote. Ni kazi ya jasho. Kijana alikaa ndani, Mzee nje, wakaanza upande wa dereva. Walikwenda kwa mwendo mzuri hadi juu. Walipofika upande wa abiria waya ukapita kama unakata siagi. Mzee akauacha, akaweka kiganja chake kwenye kona ya kioo kutoka ndani, akasukuma kidogo. Kioo kikatoka.

Alituita tuone. Kuna fundi, zamani kabla gari halijawa letu, aliwahi kubadilisha kioo kile, na upande mzima wa abiria alitumia silikoni nyeupe, ile ya kuzibia masinki na madirisha ya aluminiamu. Chini yake bati lilikuwa limeshika kutu ya kahawia. Maji yalikuwa yakiingia humo taratibu kwa miaka, na sisi tukidhani harufu ya unyevunyevu ndani ya gari ni hali ya hewa ya Bukoba.

"Hiki ndicho kilichokuwa mbele yenu," Mzee alisema. Hakuwa na hasira, ila sauti yake ilishuka. Alieleza kwamba kioo cha mbele kimeshikilia paa. Gari likibiringika, paa bila kioo hulala mapema juu ya vichwa. Na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka hupiga kioo kwanza ndipo umrudie aliyekaa. Kioo kisiposhikwa vizuri, mfuko unakitoa nje, na abiria anafuata. Wifi alikuwa amekaa kiti kile njia nzima kutoka Bukoba.

Kutu ilimchukua muda kuliko kioo. Aliisugua kwa msasa hadi bati likang'aa, akafuta kwa spiriti, akapaka rangi ya kwanza nyeusi, akaiacha ikauke huku akinywa chai bila kuharakishwa na mtu. Kwenye kioo cha Mwanza gundi ya zamani ya kiwandani ilikuwa imebaki kingoni. Hakuikwangua yote, aliichonga ikabaki tabaka jembamba, kwa sababu gundi mpya ya yurethani hushikana na ya zamani kwa nguvu kuliko inavyoshikana na kioo kitupu. Kisha akakata mdomo wa tyubu kwa umbo la V, akamimina mstari mmoja mrefu usiokatika kuzunguka fremu yote. Hakuinua mkono hata mara moja. Yeye na kijana wakakiinua kioo kwa mipira ya kunyonya, wakakishusha pamoja, wakakibonyeza kwa viganja, wakakifunga kwa utepe wa karatasi juu na pembeni ili kisiteleze.

Wingu lilikuwa likijikusanya upande wa ziwa, nikamwuliza kama mvua haitaharibu. Akasema yurethani hukomaa kwa kuvuta unyevu wa hewani, na kwa hilo Kagera ni mahali pazuri kuliko Dodoma. Kinachodhuru ni maji kupiga gundi moja kwa moja kabla haijashika. Akafunika gari kwa turubai. Akashusha kidogo kioo cha mlango mmoja, akatukataza kubamiza milango, maana hewa inayosukumwa na mlango hutafuta njia kupitia gundi mbichi. Akakataa kutupa funguo.

"Mtalichukua kesho mchana," alisema. "Na kuliosha, subirini siku mbili zipite."

Wifi alijaribu kumsihi, kwa kuwa alikuwa na shughuli zake Bukoba asubuhi. Mzee alimjibu kwa Kihaya, taratibu, na wifi akacheka akakubali. Kesho yake kijana alimwaga ndoo za maji juu ya paa, Mzee akiwa ndani na tochi, akipapasa kingo kwa karatasi kavu kutafuta tone. Hakulipata. Ndipo akatoa funguo.

Gharama ilikuwa hivi: kioo na meli laki moja na nusu, tyubu mbili za gundi pamoja na rangi elfu hamsini, na kazi, ikiwemo ile ya kutu, elfu sitini. Jumla ni laki mbili na elfu sitini, chini ya nusu ya bei niliyotajiwa mimi mwanzoni kwa kioo peke yake. Wifi alitaka kuipunguza ile ya kazi. Nilimwomba aiache. Mtu aliyekataa kioo kibovu kwenye picha, akakataa kisicho na risiti, akakataa kutupa funguo gundi ikiwa mbichi, alistahili kila shilingi, na mavyaa alimwongezea mkungu wa ndizi.

Yule fundi wa silikoni naye bila shaka alikuwa rahisi. Tyubu ya silikoni ni nafuu kuliko ya yurethani, na ukishakibandika kioo hakuna anayeona tofauti mpaka siku gari linapopinduka. Ndiyo maana namkasirikia, ingawa simjui. Unafuu wetu tuliupata kwenye kioo, kwa kukubali cha mtumba na kungoja meli. Gundi tulinunua iliyo bora dukani.

Tumepita masika na vuli tangu hapo, na ndani ya gari hapanuki unyevu tena. Wakenya wenzangu waliohamia Bukoba wananiuliza wabadilishie wapi vioo vyao. Nawaambia watafute kwanza mtu wa kuwapigia simu kwa Kihaya, wanunue Mwanza kwa namba ya chesisi, watake kioo kishushwe Kemondo, na wakifungie Muleba. Na fundi yeyote, awe wa Muleba, Bukoba au Mombasa, mwombe akuonyeshe tyubu ya gundi kabla hajaifungua. Ikiwa ni silikoni, chukua funguo zako uondoke.